Aliyeshuka Kunikanda

Mama yangu alishuka mjini kwetu kutoka Marangu, huko mlimani, siku ya nne baada ya mimi kujifungua. Alikuja na mkungu wa ndizi mshare za kupika, kidumu cha maziwa ya ng'ombe wake, na begi lenye khanga sita. Mume wangu alimpokea getini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba," alijibu, macho chini. Kisha akapaza sauti kuniita mimi niliyekuwa ndani. "Mwambie baba mtoto ashushe ndizi polepole, zisichubuke."

Mume wangu alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake.

Ndivyo walivyoishi miaka tisa ya ndoa yetu. Hawakuwa na ugomvi wowote. Mama alilelewa kuamini kwamba mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kuachiana nafasi, na mume wangu, fundi magari kutoka Singida, mtu wa maneno machache, aliipokea heshima hiyo na kuirudisha vilevile. Wakikutana, mimi ndiye niliyekuwa daraja. Mama akitaka chumvi, aliniomba mimi, hata kama bakuli lilikuwa mkononi mwa mkwewe.

Miaka hiyo tisa nilikuwa nikitafuta mtoto. Nilipompata nilikuwa na miaka thelathini na nane, na nilijifungua kwa upasuaji. Kwetu mzazi hukaa miezi mitatu bila kushika kazi: anakula, ananyonyesha, analala, anakandwa. Mama alikuwa ameingojea kazi hiyo muda mrefu kuliko alivyokubali kusema. Kila asubuhi alichemsha maji sufuria kubwa, akaloweka taulo na kunikanda mgongo, mapaja na miguu. Tumbo hakuligusa kwa sababu ya mshono. Mikono yake ilikuwa mizito na ya uhakika. Ilikuwa imekamua ng'ombe tangu akiwa msichana, imechuma kahawa, imekata majani ya migomba na kuyabeba. Akikanda, nilikuwa nalala kabla hajamaliza mguu wa pili.

Baada ya hapo alitoka nje kumenya ndizi za mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama anayopewa mzazi. Nyuma ya nyumba yetu, kwenye ukuta uliotazama magharibi, mume wangu alikuwa amepanga matairi ya zamani aliyotoa gereji, na kila nilipomwambia ayatoe alisema ipo siku yatapata kazi. Kivuli cha ukuta huo kilikuwa kizuri asubuhi. Mama alitupia gunia juu ya matairi mawili, akakaa hapo pekupeku na kisu chake na beseni.

"Mbu wa mjini hawana adabu," aliniambia siku moja akijikuna vifundo vya miguu. "Mbu ninaowajua mimi wanangoja giza liingie. Hawa wanakuuma saa nne asubuhi, jua linawaka. Na wamevaa soksi za madoadoa."

Tulicheka. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na kila mtu mtaani alikuwa akijikuna.

Mtoto alipofikisha siku ishirini na moja, nilikuwa kitandani nikimnyonyesha niliposikia beseni likianguka huko nyuma. Nilingoja nisikie mama akilalamika, kwa sababu yeye kitu kikimponyoka lazima akiseme. Hakusema kitu. Nikamlaza mtoto chini ya chandarua, nikatoka nikiwa nimeshika tumbo.

Nilimkuta ameegemea ukuta, ndizi zimetawanyika miguuni, macho mekundu. Nilipomgusa paji la uso nilirudisha mkono.

"Mama, tangu saa ngapi?"

"Sasa hivi tu. Nilikuwa mzima. Nimeshika kisu, mara mkono ukakataa." Alijaribu kunyanyuka akarudi chini. "Mwanangu, kuna mtu ananigongelea misumari kwenye viwiko. Kwenye magoti. Usinishike hapo!"

Nilikuwa nimemshika kiganja tu.

Sikuweza kumnyanyua. Mshono wangu ulikuwa bado mbichi, na yeye hakuweza kukunja goti. Nikampigia simu mume wangu. Alifika kabla ya nusu saa, na fundi mwenzake akiendesha gari dogo. Aliinama kutaka kumbeba mama, na mama akainua mkono ule unaouma, kiganja mbele.

"Mwambie baba mtoto hapana. Sijabebwa na mkwe, na sitaanza leo."

"Mama, unaumwa," nilisema.

"Naumwa, sijafa."

Mume wangu alisimama pale, mikono imejaa grisi, akimtazama mama mkwe wake akitetemeka juu ya matairi. Kisha akaingia ndani. Alirudi na kiti cha sebuleni, kile chenye mikono, akakiweka karibu sana na mama ili ajisogeze tu. Mama alijisogeza, huku akiuma midomo. Mume wangu akashika nyuma ya kiti, mwenzake akashika mbele, wakamnyanyua mama na kiti chake, wakampitisha kwenye ujia kati ya nyumba na choo hadi kwenye gari. Mume wangu aligeuza uso upande njia nzima, akitazama ukuta. Hakumgusa hata upindo wa khanga.

Majirani walitoka kutazama. Mama alikaa wima kama anapelekwa kwenye harusi.

Hospitalini walimpima malaria, haikuonekana. Wakapima tena, haikuonekana. Daktari, msichana ambaye angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, alimsalimia mama shikamoo akavuta kiti karibu. Alimbonyeza vifundo vya mikono kimoja kimoja, taratibu, akimwomba samahani kila mama aliposhtuka.

"Mama, hii nadhani ni homa ya virusi inayoletwa na mbu. Si wale wa malaria, ni wengine, wanaouma mchana. Inaweza kuwa dengue, inaweza kuwa chikungunya. Tutachukua damu tupeleke. Kwa sasa utakunywa paracetamol na maji mengi. Dawa nyingine za maumivu usiguse mpaka tujue siyo dengue, maana zinaweza kukufanya utokwe na damu."

"Na dawa ya kuua hivyo virusi?" niliuliza.

"Hakuna. Mwili wenyewe utaviondoa. Homa itaisha ndani ya wiki. Maungio ndiyo yanaweza kuchelewa."

Mama alifumbua jicho moja. "Umesema chiku nini?"

Aliyejibu alikuwa nesi aliyekuwa akifunga dripu, mwanamke wa makamo. "Chikungunya, mama. Hilo neno ni la kwetu, Umakondeni. Ni kujikunja, mtu anapinda kwa maumivu kama wewe hapo."

"Basi mngekaa nalo huko huko," alisema mama, na nesi akacheka mpaka akaacha kufunga dripu.

Kisha nesi akaniuliza mimi, "Nyumbani kuna nini kinachoshika maji? Ndoo, makopo, madumu yaliyokatwa?"

"Kuna matairi," nilisema.

Nilisema hivyo kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli, bila kufikiri. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na kiti chetu cha sebuleni, kwa sababu alikuwa amekataa kukiacha kwenye gari. Nilimwona akikiweka chini polepole. Mama alikuwa amefumba macho.

Jambo la mwisho alilosema daktari ndilo lililoniumiza kuliko yote. Aliuliza kama nyumbani kuna mtoto, nikamwambia ana siku ishirini na moja. Akageuka akamwambia mama mwenyewe, kwa upole.

"Mama, kirusi hiki hakiambukizi kwa kushikana. Lakini mbu akikuuma wewe wiki hii, anaweza kukichukua kwako akampelekea mjukuu, na watoto wachanga kinawaumiza sana. Kwa hiyo wewe ndiye utakayekaa ndani ya chandarua. Mchana pia. Mchana hasa."

Mama hakubisha. Alikuwa ameshuka mlimani kumshika mtoto huyo, na sasa aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Tulirudi jioni ile ile. Mume wangu alifunga chandarua cha pili kwenye chumba chetu, mimi na mtoto upande mmoja, mama upande wa pili, yeye akahamia sebuleni. Tulikaa hivyo siku nane. Nilikuwa namwona mama kupitia vitambaa viwili, kama mtu aliye kwenye ukungu. Alitokwa na vipele kifuani, homa ikapanda na kushuka. Alipopata nafuu kidogo, mtoto akilia, alikuwa anamwimbia Kichagga akiwa huko huko ndani ya chandarua chake, na mtoto, naapa, alikuwa ananyamaza kusikiliza. Siku moja nilimkuta amebandika kiganja kwenye kitambaa, kuelekea upande wetu. Aliponiona akakishusha.

"Nilikuwa natazama kama kimetoboka," alisema.

Matairi niliyakuta yameondoka siku ya pili. Sikumsikia mume wangu akiyatoa. Alikuwa amefagia mahali pale, akafukia mabonde kwa kifusi, akatoboa chini makopo yote ya maua, akafunika pipa la maji kwa bati na jiwe. Kisha akaenda kwa jirani wa kushoto akamwomba ruhusa amwage maji ya sinki bovu lililotupwa uani kwake, na kwa jirani wa kulia vilevile. Kwa mama hakusema kitu. Kwangu pia hakusema. Usingizi ulimpotea, na chakula alikuwa akikichezea.

Chakula chenyewe alikuwa akikipika yeye. Mimi nilikuwa mzazi mwenye mshono, mama alikuwa mgonjwa, na ndizi zilikuwa zinaiva. Mtu wa Singida anajua ugali wa uwele na mlenda. Mtori hakuwahi kuupika. Alikaa mlangoni pa chumba chetu na beseni, akimenya, na mama akamwelekeza kupitia kwangu.

"Mwambie apake mafuta mikononi kwanza, utomvu utamganda."

"Paka mafuta kwanza," nilimwambia.

"Mwambie nyama ichemke mpaka ilegee, ndizi ziingie baadaye."

Nikamwambia. Akaanza kukata ndizi vipande vinene, akiukaza mkono kama anafungua nati. Mama alivumilia kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"We baba! Unaniulia ndizi!"

Mama alishika mdomo. Mume wangu alibaki ameinua kisu.

"Nikate vipi, mama?" aliuliza, akiitazama ndizi.

Mama alishusha mkono. "Nyembamba," alisema. "Kama sarafu. Na usizikandamize."

Tangu siku hiyo sikuwa daraja tena, angalau kwenye mambo ya jikoni.

Majibu ya damu yalirudi: ilikuwa chikungunya. Homa ilikuwa imeshaondoka, kama daktari alivyosema. Tukafungua chandarua cha mama, nikamwekea mtoto mapajani. Nilidhani nitamwona akifurahi. Alimtazama, akajaribu kumnyanyua, na vidole havikufunga. Vilikuwa vimevimba kwenye vifundo, vimekakamaa nusu njia kama anashika kikombe kisichoonekana. Mtoto aliteleza kidogo tu, nikamdaka. Lakini mama alikuwa ameshaogopa.

"Mchukue," alisema. "Mchukue, mwanangu. Nitamwangusha."

Baada ya hapo akawa hataki kupewa mtoto. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni, mikono kwenye khanga, akatazama nje. Hakuweza kufunga kifungo wala kuchana nywele. Nilimwogesha mimi. Kila siku tatu jirani yake wa Marangu, aliyekuwa akimkamulia ng'ombe, alimpigia simu, na mama alikuwa akimwambia, "Wiki ijayo napanda." Wiki ijayo ikawa mwezi ujao.

"Nimekuja kukukanda," aliniambia siku moja, "nimekuwa wa kuoshwa. Nirudishe nyumbani nikakae na uzee wangu."

Niliingia jikoni nikachemsha maji, sufuria lile lile kubwa, nikaloweka taulo. Nilipiga magoti mbele yake, nikachukua mkono wa kulia nikauzungushia taulo. Alitaka kuuvuta.

"Mzazi hakandi mtu," alisema.

"Mzazi huyu anakanda."

Nilimkanda kidole kimoja kimoja, kuanzia kile kidogo. Niligundua kwamba sikuwahi kuishika mikono ya mama yangu kwa muda mrefu hivyo tangu nilipokuwa mtoto wa kuvushwa barabara. Kulikuwa na kovu kwenye kiganja ambalo sikulijua. Nikamuuliza, akaniambia ni mundu, mwaka aliokuwa na mimba yangu, alikuwa akikata majani ya ng'ombe kwenye mteremko akateleza. Alikuwa amejifunga jani la mgomba akaendelea kukata. Siku iliyofuata, nikikanda kifundo cha kushoto, alinisimulia jinsi baba yangu, Mungu amrehemu, alivyomposa. Siku ya tatu alinisimulia juu ya mtoto aliyezaliwa kabla yangu akakaa wiki mbili tu. Habari hiyo hakuwahi kunipa, hata miaka ile yote niliyokuwa nikipoteza mimba na yeye akija kukaa nami kimya.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

"Ulikuwa na mzigo wako. Nikuongezee wangu?"

Nililia, na yeye akanifuta kwa nyuma ya kiganja, kwa sababu vidole bado vilikuwa havifunguki vizuri.

Tulifanya hivyo kila asubuhi, mtoto amelazwa kwenye mkeka kati yetu. Daktari alikuwa amebadilisha dawa za maumivu baada ya majibu, na alituambia mama afanye mazoezi ya kufumba na kufumbua ngumi ndani ya maji ya uvuguvugu. Mama aliyaona mazoezi hayo ni upuuzi mpaka alipogundua kwamba mtoto naye anafumba na kufumbua ngumi kutwa nzima. Wakawa wanafanya pamoja, wanatazamana. Mwezi wa tatu tangu augue aliweza kushika kijiko. Mwezi wa nne alimnyanyua mtoto, viganja vikiwa chini ya makwapa yake, akamweka begani. Hakuniita nione. Nilipita tu nikawakuta hivyo, nikarudi jikoni kimya.

Mwezi wa tano tulimpandisha nyumbani, wote wanne. Kihamba, shamba lake la migomba na kahawa, kilikuwa kimefunga majani, ng'ombe alikuwa mzima, na kahawa ilikuwa inaanza kuwa nyekundu bila mtu wa kuichuma. Mama alipita mgomba mpaka mgomba akiushika, kama mtu anayesalimia msibani. Sisi tulikaa barazani. Nilipogeuka, mume wangu hakuwepo.

Alikuwa ameenda kwenye ua wa shamba, uliopandwa sale, mmea wa majani marefu, kama nyua zote za kule. Sikujua nani alimfundisha. Baadaye alikiri kwamba aliuliza mafundi wenzake wa Kichagga gereji. Kwetu mtu aliyekukosea akikuletea jani la sale kuomba msamaha, humkatalii. Alirudi na jani moja, amelishika kwa mikono miwili, akasimama mbele ya mama, jasho linamtoka na kulikuwa na baridi.

"Mama," alisema, "yale matairi yalikuwa yangu. Niliambiwa niyatoe, nikayaacha. Maji yalikuwa yanakaa mle, na wewe ulikaa juu yake kumpikia mke wangu. Nimekukosea."

Mama alilitazama lile jani. Alinyoosha mkono wake wa kulia, ule uliokuwa mbaya zaidi, akalipokea. Vidole vilifunga polepole, lakini vilifunga.

"Nilisikia siku ile hospitalini," alisema. "Niliumwa maungio, sikuwa kiziwi."

"Na hukusema."

"Niseme nini? Mtu anamenya ndizi zangu, anakosa usingizi, anabeba kiti mpaka hospitali. Nikae nimwongeze adhabu gani?" Kisha akalitazama jani tena. "Ila hili umelikata kwenye ua wangu mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Basi umeniomba msamaha kwa mali yangu." Akacheka, na mume wangu akakaa chini kwenye ngazi ya baraza, akacheka naye, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Chai ilipokuwa tayari, mama alimmiminia yeye kwanza, kwa mkono wake.

Sasa mtoto ana miaka mitatu. Mama yuko Marangu na hataki kusikia habari za kuhamia mjini. Ng'ombe anamkamua jirani asubuhi na mama jioni, maana asubuhi baridi inashika vifundo na maziwa hayatoki vizuri. Kahawa anachuma ile ya matawi ya chini. Akiona kopo lenye maji kwenye uwanja wa mtu, hata baada ya ibada, hata la mke wa mchungaji, analimwaga. Wenzake wanamwambia mbu wa mjini hawafiki huku juu kwenye baridi. Yeye anawajibu kwamba hata yeye hakudhani angewahi kukunjwa na ugonjwa wa Wamakonde.

Ninampigia simu kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni kufundisha. Zamani nilikuwa namuuliza ameamkaje. Siku hizi, baada ya shikamoo, ninauliza, "Vidole vimeamkaje?"

"Viwili bado vimelala," huwa ananiambia. "Vingine vimeshawasha moto."

Na nyuma yake nasikia kuni zikipasuka, na sufuria likiwekwa mafigani.